Jiwe Chini ya Ulimi

Wanafunzi wangu wamenipa jina, na wanadhani silijui: Madame Namna-Gani. Wamelitoa kwenye swali ninalowauliza kila wakifungua kinywa. Mtu akiniambia dawa fulani inaponya, namuuliza, "Unajua namna gani?" Akinijibu kwamba kila mtu anajua, namuuliza vile vile. Nafundisha mwaka wa tatu wa logopedia hapa Kolwezi, yaani vijana ishirini na wawili wanaojifunza kuwasaidia watu ambao maneno yanawakwama, na sitaki hata mmoja wao amguse mtoto wa mtu kwa sababu tu shangazi yake alimwambia.

Alhamisi ile niliingia darasani nikiwa na furaha ya kupita kiasi, na furaha ya kupita kiasi imenitia matatani tangu utotoni. Zilibaki siku mbili. Jumamosi, au siku ya posho kama tunavyosema huku, Gael alikuwa aje kwa baba mkubwa wangu kujitambulisha kama mchumba wangu. Gael ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ndiye aliyetengeneza geti la taasisi yetu, na kwa wiki mbili nzima nilimsalimia kila asubuhi naye akaniitikia kwa kichwa tu, mpaka nikamwona ana maringo. Siku ya kumi na tano ndipo aliponijibu, na nikaelewa. Gael ana kigugumizi, na kinambana zaidi akitaka kutaja jina lake mwenyewe.

Baba mkubwa, Tata Mukalay, ambaye amenilea tangu baba yangu afariki, alikuwa ametoa sharti moja. Katika nyumba yake msemaji wa upande wa mwanaume anaweza kusema mengine yote, lakini kijana mwenyewe ndiye anayesimama na kujitaja: jina lake, jina la baba yake, na kilichomleta. Asiyeweza anarudi na vitu vyake. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, ndivyo walivyofanyiwa wakwe zake wote watatu.

Basi siku ile nilikuwa nafundisha ushahidi. Nilichora ubaoni miduara mitatu inayoshikana. Wa kwanza, utafiti unasema nini. Wa pili, mtaalamu mwenyewe ameona nini katika kazi yake. Wa tatu niliuacha mtupu kwanza, kwa sababu Gradi alikuwa ameshainua mkono. Gradi hukaa mbele na hapendi kupitwa.

"Prof, kigugumizi iko na dawa. Nkambo yangu alimuwekeaka mudogo wangu jiwe ya malakiti chini ya ulimi, kila siku mbele ya kula. Miezi tatu tu, mutoto akasema muzuri."

Nusu ya darasa iliitikia; kila mmoja ana nkambo, bibi au babu, wa namna hiyo. Huku kwetu, ambako shaba iko chini ya kila nyumba, jiwe la kijani la malakiti husuguliwa mpaka liwe laini, kisha mtoto anayegugumia huwekewa chini ya ulimi. Gael naye aliwekewa kule Musonoi, mtaa wa kwao, kwa miaka miwili. Hilo sikulisema.

"Mudogo yako alikuwa na miaka ngapi?"

"Ine, Prof."

"Na unajua namna gani kama ni jiwe njo ilimuponyesha?"

Wakacheka. Gradi akatabasamu kidogo. "Juu alipona!"

"Sikieni. Ukichukua batoto batano benye kuanza kugugumia, bane hivi banaacha bao benyewe. Ukibapatia jiwe, banaacha. Ukibapatia karanga, banaacha. Ukibaachilia bacheze, banaacha. Njo maana kila avenue iko na mutoto mwenye jiwe ilimuponyesha. Sasa ule wa tano je?"

Shekina, msichana wa nyuma ambaye huwa hasemi kitu, akasema polepole, "Ule wa tano banasema hakushika jiwe muzuri."

Nilitaka kwenda kumkumbatia. Ningeishia hapo na kuwaambia waende nyumbani, leo hii nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini nilitaka wamsikie huyo wa tano. Sauti zote tulizo nazo za kujifunzia zimerekodiwa Ulaya, kwa Kifaransa cha watu wa Ulaya, na wanafunzi wangu watafanya kazi mitaani, Manika na Musonoi. Nami kwenye simu yangu nilikuwa na sauti ishirini na tatu za Kiswahili chetu, maana Gael alikuwa akinitumia moja kila asubuhi, akijaribu yale maneno ya Jumamosi.

Nikawaambia, "Huyu ni Bwana G.," na nikawachezea sekunde arobaini za mwanzo, zile anazohangaika na jina lake. Nikazima kabla hajalimaliza. Walisikiliza vizuri, hakuna aliyecheka, nami nikajivuna kama mpishi anayeona sahani zimefutwa. Kazi ya nyumbani ikawa wahesabu amekwama mara ngapi, halafu tulinganishe. Nikawatumia sauti kwenye groupe ya darasa. Courant ikakatika, chumba kikawa giza, ubao ukawa hausomeki, nikasema, "Muduara wa tatu tutafanya wiki ijayo."

Darasani nilikuwa nimeikata sauti kwa kidole. Kwenye simu sikukata kitu. Walikwenda nyumbani na dakika mbili nzima. Na katika hizo dakika mbili, baada ya kuhangaika na kujitaja, Gael alipumzika kidogo na kusema kwa sauti ya chini kabisa: "Marlène, nikikwama ile siku, we uniangalie tu. Usiniache peke yangu mule ndani."

Watu ishirini na wawili walisikia hayo, na alasiri ile ile hesabu zao zikaanza kuingia kwenye groupe. Mama yake Shekina akawa wa ishirini na tatu, na mama yake Shekina anaimba kwaya moja na Mama Laurentine, mama yake Gael.

Saa kumi simu yangu ikalia.

"Marlène." Mama Laurentine hakunisalimia, yeye anayeweza kumaliza dakika tano akiuliza habari za nyumbani. "Mutoto yangu iko mu simu ya kila mutu."

"Mama, mi nita..."

"Kwanza nimalize. Nilikupatia mutoto yangu juu we uko munganga ya kusema. Nikasema, voilà, Mungu amenipatia mukwe na dawa pamoja. Kumbe unamupeleka kwa batu bamuhesabu kama mahindi."

"Pardon, Mama. Ni kosa yangu miye."

"Siku ya posho nitafanya dawa yangu mwenyewe. Jiwe yake ningali nayo." Akakata.

Nilipanda taxi-moto bila hata kuuliza bei. Barabara ya Musonoi ilikuwa imejaa malori na vumbi lake, na dereva alitaka tuzungumze habari za mvua. Nilimjibu "ndiyo" kwa kila kitu. Nilikuwa napanga maneno. Mimi ni hodari wa kupanga maneno.

Gael alikuwa peke yake karakanani, ameinama juu ya dirisha la chuma, barakoa ya kuchomelea usoni. Cheche ziliruka mpaka kwenye viatu vyangu virefu vya darasani. Nilisimama. Alijua kwamba nipo, kwa sababu mkono wake ulitulia kidogo, kisha ukaendelea mpaka mwisho wa ule mstari. Hapo akazima mashine. Barakoa hakuiinua.

"Gael, nimefanya kosa."

"Ba... balipata ngapi?"

"Nini?"

"Ba étudiants. Ulibaambia bahesabu. Balipata ngapi?"

Nilikuwa naongea na kile kioo cheusi, na ndani yake nilijiona mimi mwenyewe, mdogo, nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Ningeweza kusema sijui. "Bengi balipata kumi na saba," nikasema.

"Na weye? Ulipata ngapi?"

"Gael, mi naomba..."

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akatikisa kichwa kama fundi anayesomewa kipimo. "Basi balikosea mbili."

Ingekuwa afadhali angenitukana. Nilianza kusema haraka, na nikianza kusema haraka ujue nimeshindwa. Nikamwambia jina lake sikulitaja. Nikamwambia sauti za Ulaya hazifai, kwamba wale vijana watakutana na watoto kama alivyokuwa yeye, kwamba kwa ajili yake kuna watoto ambao hawatawekewa mawe mdomoni tena.

"Jina yangu ulificha," akasema. "Sauti yangu je? Haiko yangu?"

"Nilifikiri utakubali. Unapendaka kazi yangu. Nilijua kama ningekuuliza ungesema ndiyo."

"Unajua namna gani?"

Hakulisema kwa kunicheka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, akangoja. Tangu nianze kufundisha, swali lile halijawahi kunielekea mimi.

Ndipo akainua barakoa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kama ni moshi au ni mimi, sikuthubutu kuuliza.

"Mi sikukuwa nakutumia ile bitu juu ya ku... ku... kujifunza," akasema. Alikuwa anakwenda polepole, na kila neno alilipata kwa jasho. "Tangu niko mudogo batu bananihesabu. Mama anahesabu. Mwalimu alikuwa anahesabu na vidole, darasa yote inaona. We tu njo hapana. Kila asubui nilikuwa nasema na mutu moja mwenye hanihesabu. Njo nilijua vile."

"Sikuhesabu, Gael. Nilihesabu ile moja tu, juu ya..."

"Juu ya somo."

"Juu ya somo."

Lori likapita, tukangoja vumbi litue. Nilitaka kumshika mkono, lakini kati yetu palikuwa na lile dirisha la chuma, bado la moto.

"Na kitu ingine," akasema. "Nikikwama, unafungaka macho."

"Siyo kweli."

"Unafungaka. Kidogo tu. Kila mara."

Nilifungua kinywa nikatae. Mimi? Somo la kwanza kabisa ninalowapa wanafunzi ni hilo: mtazame mtu usoni, usiangalie pembeni, usiangalie saa. Nimelifundisha miaka sita. Lakini mwili una kumbukumbu yake. Nikakumbuka siku tulipokwenda kununua mabati pale Manika na muuzaji akamuuliza jina la kuandika kwenye karatasi. Nikakumbuka harusi ya rafiki yake. Sikumbuki uso wa Gael katika saa zile. Nakumbuka vidole vya miguu yangu.

"Nakuoneaka uchungu," nikasema. "Inaniuma kuona unateseka."

"Si mi njo niko nateseka? Weye uniachie mateso yangu, ubaki tu na miye." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Marlène, mi sitapona. We mwenyewe ulinisomeaka mu bitabu byako. Mama haamini, Tata yako hataki. Nilifikiri we unaamini."

"Naamini."

"Basi siku ya p... ya p... p..."

Shingo yake ilikaza. Midomo ilishikana, jicho moja likatetemeka, na lile neno likakaa pale kati yetu. Mungu wangu anisamehe, mimi mwenye vyeti viwili, nikaona giza la kope zangu, na nikajisikia nikisema:

"Posho."

Hakumalizia. Alinitazama tu, bila hasira, na huko kutazama bila hasira ndiko kulikonitisha.

"Umeona?" akasema.

"Gael, utakuya? Siku ile, utakuya?"

"Sijue."

Akashusha barakoa, akawasha mashine. Nilisimama pale mpaka macho yangu yakaanza kuuma kwa mwanga, kisha nikarudi nyumbani Manika kwa miguu, nikiwa nimevua viatu, na watu wa njiani wafikirie walichotaka.

Ijumaa niliwaambia wanafunzi ukweli wote, hata ule wa kuniaibisha. Wakafuta sauti mbele yangu, simu kwa simu. Shekina alilia mpaka nikalazimika kumbembeleza, ingawa aliyestahili kubembelezwa hakuwa chumbani humo. Kisha nikachora tena miduara mitatu, na ule wa tatu nikauandika kabla ya yote: mwenyewe anataka nini?

"Prof," Gradi akauliza, na mara hii hakuinua mkono, "ule Bwana, ulimuomba pardon?"

"Nilimuomba."

"Akajibu nini?"

"Akawasha mashine yake."

Hakuna aliyecheka.

Jumamosi asubuhi Tata Mukalay aliniita sebuleni. Alikuwa karani wa mgodi kwa miaka thelathini, na mpaka leo anakaa kitini kama anayesubiri saini yako. Sauti ya Gael ilikuwa imemfikia naye. Katika mji huu hakuna kisichofika.

"Nilisikia ule kijana," akasema. "Nikuulize kitu moja, unijibu kama mwalimu. Batoto benu batagugumia?"

"Inaweza kutokea, Tata. Mu familia yenye iko nayo, inatokea mingi kuliko kwa batu bengine."

"Unanijibu vile bila haya?"

"Njo vile niko najua. Nikikudanganya leo, utanikatala kesho."

"Sharti yangu ingali palepale," akasema. "Asipojitaja, arudie."

"Nasikia, Tata."

"Na ukilia, ulilie mu chumba."

Saa tisa ikafika, hawakuja. Saa tisa na nusu, hawakuja. Nilikaa nyuma ya pazia la chumba nikiwa nimevaa kitenge kipya cha bluu, nasikia wajomba wakikohoa, na vinywaji ambavyo watu wa Gael walituletea tangu Jumatano vikipata joto. Kila taxi-moto iliyopita ilinisimamisha. Saa kumi kasorobo nikaanza kufungua hereni. Hereni moja ilikuwa mkononi niliposikia geti.

Mbele aliingia Tata Badibanga, msemaji wao, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza kanisa. Nyuma yake Mama Laurentine na leso yake ameikunja kiganjani. Nyuma kabisa Gael, suti ya kijivu, uso umepauka. Aliwasalimia wazee kwa kuinamisha kichwa, mmoja mmoja, midomo imefungwa kabisa. Hata "yambo" hakusema. Nikatazama shavu lake, limetuna kidogo. Alikuwa na jiwe mdomoni.

Tata Badibanga alisema vizuri. Alichekesha, aliomba radhi ya kuchelewa, alisifu nyumba. Nikaitwa, nikatoka, nikakaa kwenye kigoda karibu na baba mkubwa, kama inavyotakiwa: msichana hasemi neno mpaka aulizwe. Gael hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama meza.

"Mumesema muzuri," Tata Mukalay akasema. "Sasa kijana ajitaje."

Gael akasimama. Mama Laurentine alikaza leso. Nilijua anachofikiri. Miaka yote hii alikuwa akingoja saa moja tu ambayo lile jiwe lingemlipa.

Gael akatia vidole viwili mdomoni, akalitoa. Alilipangusa kwa kitambaa, taratibu, akaliweka mezani kati ya chupa za Fanta, la kijani, dogo kama njugu.

"Gael!" mama yake akasema.

"Aksanti, Mama," Gael akamjibu. Kisha akageuka kwa baba mkubwa, akavuta pumzi. "Miye n... n..."

Likakwama. Lilikwama kuliko nilivyowahi kuliona likikwama, na nilikuwa na sauti ishirini na tatu za kulinganisha. Shingo yake ikasimama mishipa. Mjomba mmoja akatazama dari. Mwingine akaanza kukuna goti. Tata Badibanga, kwa wema wake, akaegemea mbele. "Huyu kijana anaitwaka..."

Gael akainua mkono kumzuia, na hapo ndipo aliponitafuta kwa macho.

Kope zangu zilitaka kushuka. Zilikuwa nzito, nawaambia, kama za mtu mwenye homa. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinataka kumpa lile neno, nilimpe tu, tutoke wote pale, iishe. Nikakandamiza ulimi kwenye meno. Nikamtazama. Niliona jinsi midomo yake inavyotetemeka upande wa kushoto kwanza. Niliona jasho chini ya pua. Niliona meno yake ya chini yenye rangi ya lile jiwe, na macho yake, ambayo hayakuwa na mateso hata kidogo. Yalikuwa yanafanya kazi. Kumbe ndivyo anavyokuwa mule ndani, na mimi mwaka mzima nilikuwa namwacha peke yake nikidhani namhurumia. Sijui ilichukua muda gani. Sikuhesabu.

"...ni G-Gael Ngeleka," akasema. "Mutoto ya Ngeleka Bau... Baudouin."

Mama Laurentine alifunika uso kwa leso aliposikia jina la marehemu mumewe. Gael hakuishia hapo. Alikwama kwenye "Musonoi", akakwama kwenye "mbele yenu", akaendelea. "Nimekuya juu ya Marlène." Jina langu hakulikwamia hata kidogo.

Hakukaa. Kijana hakai mpaka msichana ajibu. Tata Mukalay alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, na uso wake haukuniambia kitu.

"Kijana," akasema, "umejitaja. Nimesikia. Lakini nikuulize. Batoto benu bakikwama vile unakwama, mbele ya batu, nani atakuwa na moyo ya kubangojea?"

"M... m... miye," Gael akasema.

Baba mkubwa alilitafakari hilo neno moja kwa muda mrefu kuliko hotuba nzima ya Tata Badibanga. Kisha akageuza kiti chake, akanielekea.

"Marlène. Unamujua huyu mwanaume? Tukunywe hiyi binywaji yake?"

Ndilo swali lenyewe: wakinywa, nimekubali. Wasichana wote wa ukoo wetu wameulizwa, na nilikuwa nimefanya mazoezi ya jibu mbele ya kioo, na tabasamu lake kabisa. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Koo lilifunga kana kwamba mtu amelikaba kwa mkono, machozi yakaja kabla ya sauti, nikajaribu tena na pumzi ikarudi ndani. Mimi, mwalimu wa kusema. Nikasikia minong'ono. Nikamwona baba mkubwa anakunja uso, maana msichana akinyamaza, katika nyumba ile, amekataa.

"Anamujua, anamujua!" Tata Badibanga akacheka kwa sauti kubwa. "Ni haya tu. Fungua chupa, tuendelee!"

Mtu mmoja akashika kifungulio.

"Mu... mumungojee," Gael akasema.

Alilisema bila kuinua sauti, na kifungulio kikashuka. Malori ya barabarani yakasikika. Gael alikuwa bado amesimama, mikono mbavuni, na ananitazama. Hakunisaidia. Hakutikisa kichwa kunihimiza. Macho yake yalikuwa wazi, na hayakuwa na haraka.

Nilichukua muda wangu wote. Nikameza mate, nikaacha machozi yashuke yanakotaka, nikangoja mpaka koo likalegea lenyewe.

"Namujua, Tata," nikasema. "Mukunywe."

Ndipo Gael akakaa.